Huzuni Iliyofichwa na Mkono wa Mwalimu

 

Ndugu wasomaji, maradhi ya moyo tumehubiriwa mengi. Kibri twakijua, hasadi twaijua, ria twaijua, na kila Ijumaa yupo khatibu mahali fulani anayeyataja. Lakini yako maradhi mengine ambayo mimi mwenyewe sikuyasikia yakitajwa juu ya mimbari hata nilipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, nayo ni huzuni aliyoificha mtu mpaka akasahau kwamba ameificha. Huyu hajijui kuwa ni mgonjwa. Watu humwona mkali, naye hujiona mwenye msimamo. Na akiwa ni baba, au mwalimu, au imamu, au mwenyekiti, basi maradhi yake huuma miili ya watu wengine.

Nimeona niandike habari hii kwa sababu umri umekwenda, nami nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi; na yale niliyoyakosea nataka yawe funzo kwa wenzangu kabla sijaulizwa mimi kwayo.

Magharibi ya Pangani

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Baba yangu alikuwa baharia wa jahazi, akipakia bidhaa baina ya mrima na visiwani. Mwaka 1968, nami nina miaka tisa, alisafiri kwenda Pemba, akaniambia kwamba siku ya Alhamisi atarudi, na kwamba nikitoka chuoni niende nikamngoje mdomoni mwa mto, nimpokee kikapu. Nikaenda. Jua likachwa, adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, nami ningali nimesimama mchangani naangalia kila tanga linaloingia. Mama akaja akanishika mkono, akanirudisha nyumbani. Siku ya pili jahazi jingine likaja na habari: la baba lilipinduliwa na pepo za kusi, na katika mabaharia wote aliokolewa mmoja tu. Si yeye.

Maiti haikuonekana. Tukamsalia sala ya ghaibu. Siku ile ya matanga baba yangu mdogo aliniweka mkono begani, akaniambia, “Sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Mwanamume halii.” Simlaumu, Mungu amrehemu, alinipa alichopewa naye na wakubwa wake, na alinipa kwa mapenzi. Nami nilitii. Sikulia siku ile, wala ya tatu, wala ya arubaini. Siku ya nne nilirejea chuoni nikasoma kama kawaida, na mwalimu akanisifu mbele ya wenzangu kwamba nina subira. Kwa miaka thelathini niliamini kwamba ile ilikuwa subira.

Mpanda

Nilipokwisha soma kwa masheikh wa pwani, mwaka 1987 nilitakiwa niende Mpanda nikafundishe. Msomaji wa pwani labda hajafika huko. Wakati ule Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Huu Mkoa wa Katavi tunaoujua leo umeanzishwa mwaka 2012. Ukitoka Tabora kwa garimoshi wafika Kaliua, na hapo njia ya reli huchepuka kwenda kusini, ikavuka mto Ugalla, ikapita katika misitu ya miombo isiyokwisha, mpaka mwisho wake, ambako ndiko Mpanda. Reli hiyo Waingereza waliitengeneza miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya kuchukua madini ya risasi. Nchi ni ya asali, na mahindi, na tumbaku. Wenyeji wake ni Wabende na Wakonongo na Wapimbwe, na juu yao wamekuja watu wa kila namna: wafanyakazi wa reli, wafanya biashara kutoka Tabora na Kigoma, na Wasukuma na ng'ombe wao.

Kwa mtu wa pwani mahali hapo ni mbali na bahari kwelikweli. Na nikisema kweli, mbali huko kulinifurahisha, wala sikujiuliza kwa nini.

Nikafundisha. Darsa likajaa, na baada ya miaka michache nikafanywa imamu wa msikiti wetu mdogo. Nilijulikana kwa nidhamu. Mtoto akikosea herufi nilimvumilia na kumrudisha mara kumi. Akisahau alichohifadhi nilimvumilia. Lakini mtoto aliyechelewa, khasa darsa la baada ya Magharibi, sikumvumilia. Huyo bakora ilikuwa halali yake. Wazazi walisema, “Mwalimu wetu hapendi uchelevu,” nami nilipenda kusifiwa hivyo. Hata katika kamati ya msikiti, mjumbe akichelewa kikao nilimsema maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuambiwa mbele ya watu. Wawili walijiuzulu. Nikasema hao hawakuwa watu wa kazi.

Mtoto wa mvua

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilikuja zile mvua kubwa ambazo watu huziita El Nino. Jioni moja mvua ilinyesha tangu alasiri. Watoto wote walifika isipokuwa mmoja, mwana wa miaka tisa, mpole, ambaye siku zote hufika wa kwanza. Magharibi ikasaliwa hajafika. Nikawa nasomesha huku macho yangu yako mlangoni, na kifua kimebana. Karibu na Isha akatokea, maji yanamchirizika. Sikumwuliza neno. Nilimpiga, ndugu zangu, kipigo ambacho si cha kufundisha. Bakora ilipovunjika ndipo nilipowasikia watoto wengine wamenyamaza kimya, na mdogo wao mmoja amejificha nyuma ya mlango.

Kesho yake asubuhi alikuja bibi yake. Nilimtazamia mama au baba, na maneno makali, nami nilikwisha jipangia majibu. Bibi huyu alibisha hodi, akaingia, akakaa mkekani. Alikuwa Mwislamu wa Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, na makazi yake yalikuwa Katumba, ambako alikuja Mpanda kwa kibali kumwangalia bintiye aliyeolewa mjini.

Akanisalimu, akaniuliza hali ya nyumbani kwangu, kisha akasema, “Mwalimu, mtoto alikuwa ng'ambo ya kijito. Maji yalijaa, na mama yake amemkataza kuvuka maji yaliyojaa. Akangoja yapungue.”

Nikanyamaza.

Akasema, “Sikuja kugombana. Wewe ni mwalimu wetu. Nina swali moja tu. Huyu mtoto, umempiga yeye, au uko mwingine uliyekuwa ukimpiga?”

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na aya na hadithi za kumjibu. Lakini macho yake hayakuwa na ugomvi, na ulimi wangu ukawa mzito. Nikamwuliza, “Bibi, kwa nini waniuliza hivyo?”

Akanisimulia habari yake. Naiandika hapa kwa kuwa alinipa ruhusa niwaambie watu, bila ya kumtaja jina.

Habari ya bibi

Wako wasomaji wadogo wasiojua yaliyotokea Burundi mwaka 1972. Mwisho wa Aprili mwaka ule fujo zilizuka kusini, katika nchi za Rumonge, na watu wakauawa. Kisha majeshi ya serikali yakaanza kulipiza, yakaua Wahutu nchi nzima, walimu na wanafunzi na wakulima, kwa miezi. Waliokufa wakisiwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Warundi wenyewe huziita siku zile ikiza, yaani balaa. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia kwetu, na serikali ya Tanzania ikawapa ardhi na makazi: Ulyankulu huko Tabora, kisha Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, haya mawili yakiwa upande wa Mpanda. Wakafyeka msitu, wakalima, wakalisha mpaka watu wa mjini. Miaka mingi baadaye, zaidi ya 160,000 katika wao walikubaliwa uraia wa Tanzania, na mwaka 2014 vyeti vyao vikaanza kutolewa.

Bibi huyu alipokimbia alijificha usiku katika matete ya ziwa, na mwanawe wa miaka miwili yuko kifuani. Askari walipita karibu. Mtoto akataka kulia, naye akamziba kinywa kwa kiganja, akakibana, mpaka akaogopa kwamba amemwua. Hakufa. Walivuka kwa mtumbwi, wakafika Kigoma, mwishowe Katumba.

“Mume wangu na ndugu zangu walibaki huko,” akasema. “Sikuwalilia. Kulikuwa na msitu wa kufyeka. Lakini mtoto yule alipokua, kila alipocheka kwa sauti baada ya jua kuchwa, mkono wangu ulimpiga kinywani. Hata mimi sikujua kwa nini. Nilisema namfundisha adabu. Siku moja, naye ana miaka kumi, akaniuliza, ‘Mama, kwa nini wachukia kicheko changu?’ Hapo ndipo nilipokumbuka matete. Nikaketi chini nikalia, nikamweleza yote, na wale waliokufa nikawataja mmoja mmoja kwa majina yao. Sikupona siku ile, mwalimu. Lakini toka siku ile nilijua mkono wangu unamtafuta nani, na ulipotaka kuinuka niliuzuia.” Kisha akasema, “Yule mtoto ndiye mama wa huyu uliyempiga jana.”

Akaniaga, akaenda zake.

Nilibaki mkekani mpaka adhuhuri. Nikajiuliza: katika makosa yote ya watoto, kwa nini ni hili moja tu linalonitoa akilini? Na kwa nini ni Magharibi? Jibu lilikuja pole pole, nami nikaliogopa kuliko nilivyopata kuogopa kitu. Kila mtoto aliyechelewa alinirudisha mchangani pale Pangani, naangalia matanga. Haikuwa hasira. Ilikuwa ni khofu ya mtoto wa miaka tisa, imevaa kanzu na kilemba, imeshika bakora. Na huyu niliyempiga alichelewa kwa sababu aliyaogopa maji, jambo ambalo laiti baba yangu angeliweza kulifanya.

Yale tuliyofundishwa

Baada ya hapo nilivirudia vitabu nilivyovisomesha miaka yote, nikaona kwamba nilivipita kama mtu apitaye mbele ya nyumba yake asiijue.

Imamu Ghazali katika Ihyaa amepanga hasira, kinyongo na hasadi katika kitabu kimoja, akabainisha kwamba ghadhabu inayozuiwa kwa kuwa mtu hana uwezo wa kuitoa hurudi ndani, ikasongamana, ikageuka kinyongo. Wale wanaosifiwa kwa kumeza hasira ni wenye kuijua wanayoimeza na kusamehe. Asiyejua kilichomo tumboni mwake hakumeza kitu. Amefunika chungu tu, na moto ungali unawaka chini.

Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alilia machozi mbele ya masahaba, na Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, akamweleza kwamba hiyo ni rehema, jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Nabii Yaakub (A.S.), ambaye subira yake imesifiwa, alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na huzuni yake akaipeleka kwa Mwenyezi Mungu. Basi nani alitufundisha kwamba subira ni kutolia? Subira ni kuuzuia mkono na ulimi usidhulumu. Jicho halikukatazwa.

Na kwa upande wa uongozi, tazameni kisa cha Wahshi. Huyu ndiye aliyemwua Sayyidna Hamza, ami yake Mtume, siku ya Uhud. Baadaye alikuja kusilimu, na Mtume akaukubali Uislamu wake. Hakumlipiza, hakumtukana. Lakini alimwuliza kama ataweza kuuepusha uso wake naye. Ndugu zangu, lizingatieni hili. Kiongozi wa umma mzima hakujifanya kwamba hana jeraha. Alijua kwamba uso ule unamrudishia ami yake, akalisema wazi, akaweka umbali baina ya jeraha lake na haki ya mtu, ili haki ya mtu isiguswe. Ndiyo maana vilevile alikataza kadhi asihukumu baina ya watu wawili hali ana ghadhabu.

Na Anas bin Malik alimtumikia miaka kumi, hakumsikia kumwambia hata “uff”. Alipata kumtuma, naye Anas, mtoto, akapita kwa watoto wenzake wanaocheza sokoni, akachelewa. Mtume akaja akamshika kwa nyuma, Anas akageuka, akamwona anacheka, akimwuliza kwa upole kama amekwenda alikotumwa. Mimi nami nilikuwa na miaka kumi Mpanda. Nikaipima miaka kumi yangu kwa ile, nikaona haya.

Yaliyofuata

Jumamosi nilimwomba radhi yule mtoto mbele ya darsa zima. Mzee mmoja wa kamati hakupendezwa. Alisema hadhi ya mwalimu itashuka. Nikamwambia kwamba kosa lilitendwa mbele ya watoto, basi na radhi iombwe mbele yao. Wale wajumbe wawili niliwafuata majumbani kwao. Mmoja alirudi kwenye kamati. Wa pili alinikaribisha kahawa, lakini hakurudi.

Likizo ile nilikwenda Pangani. Nikamwambia mama, “Nihadithie habari za baba.” Alinitazama kwa muda, kisha akaenda kwenye sanduku akatoa kikoi chake, kimekunjwa na asumini zilizokauka. Akasema, “Nilikuwa nakungoja wewe uulize. Nilidhani hutaki.” Miaka thelathini, kila mmoja wetu alikuwa akimstiri mwenzake. Tulilia mimi na mama yangu mpaka kahawa ikapoa, kisha tukamwombea dua baba kwa jina lake.

Nisiseme kwamba nilipona siku ile. Mpaka leo mtoto akichelewa kifua hubana. Lakini sasa ninajua ni nini, nami nimejiwekea sheria: sihukumu kosa jioni ya kosa. Namwuliza kwanza mtoto, “Umesalimika?” Na hukumu, ikiwa iko, hungoja kesho.

Na yule mtoto? Hakurudi kwangu. Alimalizia msahafu kwa mwalimu mwingine. Leo ni mtu mzima, ana watoto, na tukikutana hunisalimu kwa adabu. Kilichomo moyoni mwake mimi sikijui, wala sina haki ya kumwuliza. Kuomba radhi ni wajibu wangu. Kusamehe ni mali yake.

Nasaha

Sisi watu wa pwani twapenda stara, na stara ni jambo la dini. Lakini kujistiri mbele ya watu ni kitu kimoja, na kujificha mbele ya nafsi yako ni kitu kingine. Wazee wamesema kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua. Nami naongeza kwamba huzuni ikifichwa, kilio chake hutokea katika kinywa cha mtoto wa watu.

Basi ewe baba, na ewe mama, na ewe mwalimu mwenzangu, na wewe uliyepewa watu uwaongoze, jichunguze kwa mambo matatu. Je, hasira yako ni kubwa kuliko kosa? Je, ni kosa lile lile siku zote likutoalo akilini? Na je, uingiapo nyumbani au darasani, watu hunyamaza? Ukiona haya, usianze na bakora, wala usianze kwa kujilaumu. Keti peke yako baada ya sala ya usiku, umwambie Mola wako wazi wazi kitu kinachokuuma, kwani Yeye alikijua kabla yako. Kisha mtafute mtu mmoja mwaminifu, si kumi, umhadithie. Na ikiwa mzigo wakunyima usingizi au wakutisha, nenda hospitali uwaone madaktari wa maradhi ya akili. Hilo si aibu wala si upungufu wa imani, kama vile si aibu kumpeleka aliyevunjika mguu. Na wale uliowadhulumu, waombe radhi ungali hai, nao wangali hai.

Na mtoto wako wa kiume akifiwa, usimwambie kwamba mwanamume halii. Mkalie karibu, mwache alie.

Bibi yule wa Rumonge amekwisha tangulia mbele ya haki. Kila niombeapo wazazi wangu na walimu wangu, humtaja katika walimu. Ewe Mola, warehemu wafu wetu, waliozikwa na wasiozikwa, walio baharini na walio matete. Na utusamehe sisi yale tuliyowatenda wadogo wetu kwa machungu yasiyokuwa yao. Amin.

Wabillahi ttawfiq.